Kuzunguka matawi yote ya Fuji Soba, Tokyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili walioko Tokyo kwa masomo, kazi au matembezi, ambao wameshaonja soba (tambi za Kijapani za unga wa mmea uitwao pia soba, kwa Kiingereza buckwheat) mara moja au mbili na sasa wanasikia kuna watu wanaoingia kila tawi la mgahawa uleule mpaka wayamalize. Mgahawa wenyewe ni Nadai Fuji Soba, ambao wenyeji huuita Fuji Soba tu. Maswali nimeyaacha katika mfuatano ambao watu huniuliza, kwa hiyo usishangae la mashine ya tiketi likija kabla ya la halali.

Fuji Soba ni mgahawa wa aina gani?

Ni mgahawa wa soba wa bei nafuu, na matawi yake karibu yote yako Tokyo na katika mikoa mitatu jirani: Kanagawa, Saitama na Chiba. Ukienda Osaka au Fukuoka usiutafute. Mwanzilishi wake ni Tan Michio, aliyezaliwa mwaka 1935 na kukulia Ehime, kisiwani Shikoku, kabla ya kuja Tokyo kutafuta maisha. Biashara ya ardhi ilimlipa vizuri, na soba aliianza kama kazi ya pembeni miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaamua soba ndiyo iwe kazi yenyewe.

Japani ina desturi ndefu ya soba ya kula wima: unaingia kibanda cha stesheni, unakula umesimama, unawahi treni. Fuji Soba umetoka kwenye desturi hiyo, ila matawi yake mengi yana viti, na kwa miaka mingi sifa yake kubwa imekuwa kufungua saa 24. Mtu aliyekosa treni ya mwisho, dereva wa teksi, mlinzi wa zamu ya usiku, mlevi anayetaka kitu cha moto kabla hajalala: wote utawakuta kwenye kaunta moja.

Tawi si ni tawi tu? Ukila moja umekula yote?

Hili ndilo swali kubwa, na jibu lake ndilo sababu ya ukurasa huu kuwepo.

Kampuni nyingi zenye matawi hujitahidi kuhakikisha hakuna tofauti yoyote kati ya tawi na tawi. Fuji Soba haikufuata njia hiyo. Matawi yake yamegawanywa kwa kampuni kadhaa ndugu, kila moja ikisimamia kundi lake, na mameneja wa matawi wana ruhusa ya kubuni vyakula vyao. Chakula kikipita, kinauzwa kwenye tawi hilo au kwenye matawi machache tu. Ndiyo maana mlangoni utakuta karatasi iliyochapishwa ofisini kwao, pengine imeandikwa kwa mkono, inatangaza kitu ambacho tawi la stesheni inayofuata halikijui.

Kuna vilivyopata umaarufu. Tawi moja la Shibuya liliwahi kuuza soba ya moto iliyowekewa chipsi juu. Ndiyo, chipsi, zinalowa kwenye supu. Mwaka 2019, Tokyo nzima ikiwa imepagawa na chai ya maziwa yenye punje za tapioka, baadhi ya matawi yaliuza bakuli la wali lililofunikwa punje hizo zikiwa zimelowekwa kwenye sosi ya soya, zifanane na mayai ya samaki. Sisi tuliokulia kwenye muhogo tunajua tapioka ni nini, na hatukuwahi kufikiria ingefika huko. Kama ilikuwa tamu ni suala jingine. Kwamba kuna meneja aliyeiwaza na kuna wakubwa waliomruhusu, hilo peke yake linatosha kukufanya ufungue mlango wa tawi linalofuata.

Vyakula hivi havikai. Vingine huuzwa wiki chache vikaondoka kimyakimya. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuyazunguka matawi yaleyale kwa tofauti ya mwaka mmoja na kila mmoja akarudi na hadithi yake.

Matawi yako mangapi?

Idadi imekuwa ikipanda na kushuka kuzunguka mia moja. Wakati wa korona, kuanzia 2020, mengi yalifungwa; mengine yamefunguliwa sehemu mpya. Ukitaka hesabu ya leo, tazama orodha kwenye tovuti ya kampuni, inakili, andika tarehe juu yake. Orodha hiyo ndiyo mkataba wako. Bila tarehe utajikuta unagombana na nafsi yako.

Nani anaamua tawi limehesabika?

Wewe. Hakuna mwamuzi wala cheti. Lakini weka masharti kabla hujaanza, maana ukiyaweka katikati ya safari utajipendelea. Haya ni ya kwangu, unaweza kuyachukua au kuyatupa.

Lazima ule ndani. Kufungasha hakuhesabiki, hata kama umefungasha mbele ya meneja. Lazima chakula kiwe na tambi. Ukila wali peke yake umekula Fuji Soba lakini hujala soba. Tawi lililohamia ng'ambo ya barabara ni tawi jipya. Tawi lililofungwa kwa ukarabati likafunguliwa tena palepale ni lilelile. Tawi lililofungwa moja kwa moja kabla hujalifikia huandikwa "limefungwa" na linabaki kwenye orodha, usilifute, kwa sababu baadaye utataka kujua ulikosa nini.

Kuna wanaodai lazima uanze upya kila orodha inapobadilika. Hao waache.

Niagize nini kila tawi?

Ukiagiza kinachokuvutia tu, hutaweza kulinganisha. Ukiagiza kitu kimoja kila mahali, utachoka kabla ya tawi la ishirini. Wazoefu wengi huchanganya: bakuli la kipimo kwenye matawi ya kawaida, na pale palipo na chakula cha tawi hilo peke yake, hicho kwanza.

Kipimo changu ni kake soba, yaani tambi, supu ya moto na vitunguu vya majani, basi. Haina pa kujificha. Supu ikiwa imekaa jikoni muda mrefu utaijua, na tambi zikipitiliza kuiva kwa nusu dakika utaziona. Kama huna moyo wa kula kitu kitupu hivyo mara nyingi, chukua kakiage soba. Kakiage ni vitunguu, karoti na mara nyingine uduvi vilivyoshikanishwa kwa rojo la unga na kukaangwa, ndugu wa mbali wa bajia. Inaanza ikiwa kavu juu ya supu na inamaliza ikiwa imelegea, na kila mtu ana rai yake kuhusu dakika ipi ni ya kuila.

Majina mengine utakayokutana nayo: kitsune ina kipande cha tofu iliyokaangwa, yenye utamu, tanuki, kwa Tokyo, ina punje za rojo lililobaki kwenye kukaanga tempura (vyakula vilivyochovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa), wakame ni mwani, tsukimi ni yai bichi juu ya supu. Mori ni tambi baridi za kuchovya. Kuna pia "tokusen Fuji soba", iliyorundikiwa karibu kila nilichokitaja, nzuri kwa siku ambayo hutaki kuamua.

Na upande wa wali kuna kare katsudon: nyama ya nguruwe ya kukaanga, yai na mchuzi wa kari katika bakuli moja. Wapenzi wa Fuji Soba wanaitaja kwa heshima. Kwa msomaji Mwislamu, angalia jibu la halali hapa chini.

Mashine ya tiketi inanitisha. Nifanyeje?

Unalipa kwanza, mlangoni. Mashine za zamani zina vitufe vyenye picha au majina, unatia sarafu au noti, unabonyeza, inatoka tiketi ndogo na chenji. Mashine mpya ni za kioo cha kugusa, nyingi zina Kiingereza, na zinapokea kadi za treni kama Suica. Ukiwa huna uhakika, beba noti za yeni 1,000; mashine nyingine za zamani hazipokei noti kubwa.

Alama mbili zinatosha kukuvusha: 温 ni ya moto, 冷 ni ya baridi. Kwenye kaunta unatoa tiketi. Mhudumu atakuuliza mambo mawili, soba au udon (tambi nene za ngano), na ya moto au baridi kama tiketi haisemi. Jibu kwa neno moja: "soba", "atatakai" kwa ya moto, "tsumetai" kwa ya baridi. Baada ya dakika chache chakula kiko mbele yako, juu ya sinia. Ukimaliza, sinia unarudisha mwenyewe kwenye dirisha la vyombo. Bakshishi haitolewi, na ukiiacha mezani mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani akidhani umesahau pesa zako.

Saa sita mchana kuna foleni ya wafanyakazi wa maofisini nyuma yako. Simama pembeni kwanza, soma mashine, amua, ndipo upange foleni.

Ni halali?

Kwa jumla, hapana, na ni vizuri kujua kwa nini ili uamue mwenyewe.

Nyama ya nguruwe ipo kwenye vyakula vya wali na kwenye baadhi ya soba. Hiyo ni rahisi kuiepuka. Ngumu ni supu. Supu ya soba ya Tokyo huchemshwa kwa katsuobushi, yaani samaki wa jamii ya jodari aliyepikwa, akakaushwa kwa moshi na kukwanguliwa vipande vyembamba, kisha hutiwa sosi ya soya, sukari na, kwa kawaida ya mapishi haya, mirin. Mirin ya asili ni kileo cha mchele chenye kama asilimia 14 ya pombe, ingawa sehemu kubwa ya pombe hiyo hupotea inapochemshwa. Sosi ya soya nayo hupata pombe kidogo yenyewe inapochacha. Tempura na nyama vinaweza kukaangwa kwenye mafuta yaleyale.

Waislamu ninaowafahamu huku wamegawanyika. Wapo wanaokula kake soba na kakiage na kuona pombe iliyochemka si pombe tena. Wapo wasiogusa kabisa, na kwao Tokyo kuna migahawa ya soba na rameni yenye cheti cha halali, hasa maeneo ya Asakusa na Shinjuku, lakini huko hakuna matawi mia ya kuzunguka. Sitampa mtu fatwa kwenye ukurasa wa tambi.

Nina mzio wa vyakula.

Hapa sina mzaha. Mzio wa soba upo na unaweza kuua. Japani imeiweka soba kwenye orodha ya vyakula ambavyo sheria inalazimisha vitajwe kwenye vifungashio, pamoja na ngano, mayai, maziwa, karanga, walnati, uduvi na kaa. Mgahawani sharti hilo halikufuati mpaka kwenye bakuli. Kama hujawahi kula soba maishani, na wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki hatukuwahi kabla ya kuja huku, anza na kiasi kidogo na usile peke yako mara ya kwanza. Midomo ikiwasha, koo likibana au ngozi ikivimba, acha hapohapo na piga 119, namba ya gari la wagonjwa.

Kukimbilia udon hakusaidii, kwa sababu udon na soba mara nyingi huchemshwa jikoni moja, pengine kwenye maji yaleyale.

Na kinyume chake: mmea wa soba wenyewe hauna gluteni (protini ya ngano), lakini tambi za migahawa hii zina unga wa ngano. Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani asiyeweza kula gluteni, asidanganywe na maelezo ya mtandaoni.

Sili nyama wala samaki. Nitapata kitu?

Kidogo sana. Hata bakuli lisilo na kipande chochote cha samaki lina supu ya samaki.

Kwani hii ni soba ya kweli? Nimesikia wataalamu wanaidharau.

Wanaidharau, ndiyo, na wana haki yao. Soba ya mafundi hukandwa kwa mkono, mara nyingi unga wa soba sehemu nane na wa ngano sehemu mbili, huuzwa kwa bei mara tatu au nne, na huliwa kwa utulivu. Fuji Soba haishindani na hiyo. Kanuni za Kijapani za kutangaza tambi mbichi zinazouzwa madukani zinataka angalau asilimia 30 iwe unga wa soba ndipo ziitwe soba. Migahawa haifungwi na kanuni hiyo, na baadhi ya vibanda vya stesheni hutumia pungufu ya hapo.

Lakini soba haikuanza kama chakula cha utulivu. Katika mji wa Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, iliuzwa na wachuuzi wa usiku kwa mon 16 (sarafu za enzi hizo) bakuli, wakila mafundi seremala, wabeba mizigo na wanaume waliokuja mjini peke yao. Mtu anayekula kakiage soba saa tisa usiku karibu na stesheni ya Ikebukuro yuko karibu na asili ya chakula hiki kuliko anayelipia meza wiki mbili kabla. Huo ni msimamo wangu na siuondoi.

Pia Fuji Soba huchemsha tambi kutoka mbichi, tawini. Zile za stesheni zinazopashwa moto kwa sekunde kadhaa kutoka kwenye pakiti ni za migahawa mingine.

Itanigharimu kiasi gani?

Kake soba miaka michache iliyopita ilikuwa yeni 300 na kitu. Bei zimepanda tangu hapo, kama kila kitu Japani, na ukiongeza kakiage au wali unaongeza mamia. Ukila ndani kodi ni asilimia 10, ukifungasha ni asilimia 8. Ndivyo ilivyo tangu Oktoba 2019.

Nauli ndiyo inayokula pesa. Soba haijawahi kumfilisi mtu. Treni za kwenda kuila zinaweza.

Nipange vipi njia?

Kosa la wengi ni kwenda tawi mojamoja kutoka nyumbani. Chora ramani kwanza.

Anza na mstari wa Yamanote, reli ya duara inayozunguka katikati ya Tokyo kwa kilomita 34.5 na stesheni 30. Shibuya, Shinjuku, Ikebukuro, Ueno, Akihabara, yote yako humo, na baadhi ya hizo zina zaidi ya tawi moja umbali wa kutembea dakika tano. Kisha fuata ndani ya duara: Yotsuya, Ichigaya, Akasaka na majirani zao, ambako tiketi ya saa 24 ya Tokyo Metro inakulipa ukipanga vituo vyako vizuri. Baadaye toka nje kwa mstari wa Chuo kuelekea Nakano na mbele yake. Mikoa jirani iache mwisho, na kila unapokuwa na safari yako nyingine kule, miadi ya visa, rafiki, soko la magari, ipachikie tawi.

Matawi mawili kwa siku yanatosha. Matatu yanawezekana kama la kati utakula baridi. Zaidi ya hapo hutakumbuka ladha ya lolote, utakumbuka tumbo tu.

Tembea kati ya matawi yaliyo karibu badala ya kupanda treni. Tokyo ya chini ya reli, yenye maduka ya viatu, vinyozi na baa za watu sita, huioni ukiwa ndani ya behewa. Nusu ya faida ya zoezi hili ni mitaa ambayo usingekuwa na sababu nyingine ya kuikanyaga.

Usiku ni salama? Ni kweli wanafungua saa 24?

Ni salama, hata kwa mwanamke aliye peke yake, kwa kiwango cha miji mikubwa. Kuhusu saa 24: zamani ungeweza kulichukulia kama jambo la hakika, siku hizi usifanye hivyo. Tangu korona baadhi ya matawi yamepunguza saa, na ya maeneo ya maofisini huweza kufunga wikendi. Tazama saa za tawi husika kwenye tovuti kabla hujatoka. Kumbuka pia treni zenyewe hulala, karibu saa saba usiku hadi saa kumi na nusu hivi alfajiri. Ukiamua kula saa nane usiku, umeamua pia kutembea au kukaa.

Ushauri wangu ni kwamba tawi uliloliona mchana, hasa la karibu na vilabu na baa, lirudie usiku angalau mara moja. Ni watu wengine kabisa.

Huo muziki ni wa nini?

Ni enka, nyimbo za Kijapani za huzuni: bandari, mvua, mapenzi yaliyovunjika, kijiji kilichoachwa nyuma. Mwanzilishi ni mtunzi wa mashairi ya enka kwa jina la usanii Tan Masato, na matawini utaona mabango ya nyimbo hizo ukutani. Yaani mwenye mgahawa anakupigia kazi ya mkono wake wakati unakula. Sauti hukwaruza, spika si nzuri, na baada ya matawi kadhaa utashangaa unaanza kuimba kiitikio bila kujua maana. Aliyezoea taarabu hatapata shida kuelewa hisia zake.

Lazima nivute tambi kwa sauti?

Si lazima, ila ukivuta hakuna atakayekutazama. Tambi za moto huvutwa pamoja na hewa, zinapoa na harufu inapanda puani. Nyumbani kwetu ungekatazwa na bibi.

Ile birika ya maji meupe ni nini?

Soba-yu, maji yaliyochemshia tambi. Baada ya kumaliza soba baridi ya kuchovya, unayamimina kwenye kikombe cha mchuzi uliobaki, unaunyunyizia vitunguu, unakunywa. Si kila tawi linaweka birika mbele, ukilikosa, uliza.

Kwenye kaunta kuna pia shichimi, pilipili ya mchanganyiko wa viungo saba, ambayo imeuzwa mjini Edo tangu 1625. Kwa mtu wa pilipili mbuzi haiwashi, lakini harufu yake inaifaa soba. Kula nusu ya kwanza bila hiyo, ndipo unyunyize.

Supu ninywe yote?

Ina chumvi nyingi. Kwa bakuli moja la safari, kunywa. Kwa mtu anayezunguka matawi mia moja, bakiza, na kama una shinikizo la damu, bakiza kila mara. Wajapani wengi huacha na hakuna anayekasirika.

Naweza kupiga picha?

Chakula chako na mbele ya tawi, ndiyo. Wateja na wahudumu, hapana, isipokuwa umeomba. Weka picha ya kibao cha jina la tawi kwenye kumbukumbu zako, kwa sababu ndani matawi mengi yanafanana na baada ya miezi hutajua bakuli lipi lilikuwa la wapi. Andika tarehe, saa, ulichoagiza, na kitu kimoja cha ajabu. Daftari dogo linatosha kuliko programu yoyote ya simu.

Wahudumu hawatanishangaa, Mwafrika anayekuja na daftari?

Pengine kwa sekunde mbili. Kisha wana bakuli nane za kutoa. Jikoni nako utakuta wahudumu wengi kutoka Nepal, Vietnam na kwingineko, wanaosoma mchana na kuchemsha tambi usiku, na wengine watataka kujua unatoka wapi. Ukiondoka, sema "gochisōsama", yaani asante kwa chakula. Hakuna mhudumu asiyeitikia.

Tarehe gani niepuke?

Tarehe 31 Desemba. Wajapani hula soba usiku wa kuamkia mwaka mpya, na foleni hutoka nje ya mlango. Au ifuate tarehe hiyo makusudi, ila siku hiyo usitegemee vyakula vya ajabu vya meneja. Wanauza vya kawaida haraka kadiri mikono inavyoweza.

Mmea wa soba unaota Afrika Mashariki?

Takwimu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, huitaja Tanzania miongoni mwa nchi zinazolima soba, jambo ambalo Watanzania wengi hulisikia kwa mara ya kwanza wakiwa Japani. Mmea si wa jamii ya nyasi kama mpunga au ngano. Mbegu zake zina pembe tatu na ganda jeusi. Japani yenyewe hulima, hasa Hokkaido, lakini sehemu kubwa ya soba inayoliwa nchini huagizwa, China ikiwa muuzaji mkubwa.

Matawi mia moja ni mengi. Kuna mzunguko mdogo wa kuanzia?

Upo, na labda ungepaswa kuwa swali la kwanza. Panda treni ya mstari wa Joban hadi Abiko, mkoani Chiba. Kwenye majukwaa ya stesheni hiyo kuna vibanda vya Yayoiken, kampuni iliyoanza mwaka 1928 kwa kuuza chakula cha boksi kwa abiria, na ambako mchoraji Yamashita Kiyoshi, aliyefariki mwaka 1971, aliwahi kufanya kazi kabla jina lake halijajulikana. Chakula chao ni karaage soba: vipande vya kuku wa kukaanga, vikubwa kuliko unavyotarajia, vinazama kwenye supu nyeusi ya moto. Unakula wima, treni zinapita mgongoni.

Ukitaka wa kati, kuna Hakone Soba, unaofuata reli ya Odakyu kutoka Shinjuku kuelekea Odawara, kilomita 82.5. Huo una uzuri wa kuwa na mwelekeo: unaanza mjini na kumaliza karibu na milima. Komoro Soba nao uko katikati ya mji na huweka ume (matunda kama plamu, yaliyotiwa chumvi) ndogo za kutafuna bure mezani, ingawa kati ya tawi na tawi sijaona tofauti ya kunirudisha. Kwa tofauti, rudi Fuji Soba.